Ulihama bila kuhesabu vyombo? Historia fupi ya programu kuhamia mfumo mpya

Nianze na aibu yangu mwenyewe, halafu twende kwenye historia.

Nilikuwa Mtwara mjini, usiku, intaneti ya nyumba niliyofikia inakimbia vizuri, na laptopu yangu ikaniletea ule ujumbe unaoujua: toleo jipya lipo, unataka kupanda? Nilikuwa natumia Ubuntu 20.04, na iliyokuwa inaniita ni 22.04. Nikabonyeza ndiyo, nikalala. Asubuhi kila kitu kinang'aa. Nikaifunga, nikapanda gari la Msimbati, kilomita 40 hivi, unapita Madimba penye mitambo ya kuchakata gesi, mpaka unafika mchangani. Siku iliyofuata nilikuwa na kikao na wavuvi pamoja na akina mama wanaochokoa pweza. Tulikuwa tumepima pamoja viwanja vya mikoko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na niliwaahidi ramani na takwimu ili waamue miche ya msimu ule ipandwe wapi.

Jioni nikafungua R, programu ya takwimu, nikaita kifurushi cha kuchora ramani kinachoitwa sf. (Kifurushi hapa si cha dakika na SMS. Ni programu ndogo unayoiongeza juu ya programu kubwa.) Jibu likaja: hakuna kifurushi chenye jina hilo. Nikaita vegan, ambacho pamoja na jina lake hakina ugomvi na samaki, ni cha takwimu za ikolojia. Hakuna. Vyote nilivyokuwa nimevikusanya kwa miaka miwili, kimya. Na bando langu usiku ule lilikuwa limebaki megabaiti za kuhesabu, mtandao wenyewe unakuja na kuondoka kama maji ya bamvua.

Asubuhi nilichora ramani kwa maka peni kwenye karatasi ya manila. Watu waliisoma vizuri tu, wakanisahihisha hata mkondo mmoja wa maji niliouweka upande usio wake. Ila walichokuwa wanakisubiri ni zile takwimu, kiwanja kipi kimepungua na kwa kiasi gani, na hizo sikuwa nazo. Kikao kikaahirishwa, na miche ikakaa kitaluni wiki tatu zaidi.

Baadaye mzee mmoja mvuvi akaniuliza mashine imepatwa na nini. Nikamwambia, "Mzee wangu, nimehamia mfumo mpya, vitu vyangu havikuja." Akanitazama. "Sasa mwanangu, ulihama bila kuhesabu vyombo?"

Kama hujakaa pwani, hapa naomba nikueleze. Wavuvi wetu wana kitu kinaitwa dago, yaani kambi ya muda. Upepo ukigeuka, kutoka kaskazi kwenda kusi au kinyume chake, wanahama kuwafuata samaki. Kibanda hakihamishwi. Wanabeba nyavu, sufuria, madumu ya maji na kamba, kibanda wanakijenga upya huko waendako kwa miti na makuti ya huko. Na kabla chombo hakijasukumwa majini, kuna mtu anahesabu. Swali la mzee lilikuwa la kitaalamu kuliko alivyojua, na limewasumbua wataalamu wa kompyuta kwa zaidi ya miaka 60.

Programu haiishi peke yake

Tunazungumza kuhusu programu iliyosakinishwa kana kwamba ni kiti: kipo chumbani, ukihama unakibeba. Ukweli ni kwamba inafanana zaidi na mnazi. Inaonekana imesimama yenyewe, kumbe mizizi imesambaa chini. Programu moja inategemea maktaba kadhaa, yaani vipande vya msimbo vinavyotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Maktaba hizo nazo zinategemea nyingine, na chini kabisa kuna mfumo endeshi, ndio ardhi yenyewe.

Chukua huyo sf wangu. Hasomi ramani mwenyewe, anaiomba maktaba inayoitwa GDAL. Kwenye Ubuntu 20.04 maktaba hiyo ilikuwa imewekwa kwa jina la libgdal26. Kwenye 22.04 jina ni libgdal30. Sf wangu alipojengwa aliandikiwa ndani yake: nenda kwa 26. Mfumo mpya hauna 26. Ni sawa na kupiga namba ya simu ya mtu aliyebadilisha laini. Yeye yupo, mzima kabisa, lakini kwa namba ile humpati.

Kisha R yenyewe ilikuwa imepanda kutoka 3.6 kwenda 4.1. R huweka vifurushi vya mtumiaji kwenye folda yenye namba ya toleo. Kwa hiyo vifurushi vyangu havikufutwa hata kimoja. Vilikuwa palepale, kwenye folda iliyoandikwa 3.6, wakati R mpya inatazama folda ya 4.1, ambayo ni tupu. Utauliza: si ungevihamisha tu kutoka folda hii kwenda ile? Nilijaribu. Lakini R 4.0, iliyotoka Aprili 2020, ilibadilisha mambo ya ndani kiasi kwamba vifurushi vilivyojengwa chini ya 3.6 lazima vijengwe upya. Na hata visingelazimika, sf angekwama kwenye libgdal26.

Kwa hiyo ukipandisha mfumo endeshi unabadilisha ardhi chini ya minazi iliyokwisha kuota. Historia inaonyesha kwamba binadamu wamejaribu njia mbili kuu za kukabiliana na hilo: kuibeba ardhi ya zamani, au kubeba orodha na kupanda upya. Kabla ya hizo mbili, tuangalie ilikuwaje pale ambapo hakukuwa na hata moja. Na hatuhitaji kwenda mbali.

Hazina, 1965

Kompyuta ya kwanza Tanzania ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ilikuwa ICT 1500, kutoka kampuni ya Uingereza. Miaka michache baadaye Hazina ikahamia familia iliyofuata ya kampuni hiyohiyo, ICT 1900. Kwa jina unaweza kudhani ni mtu na mdogo wake. Hawana hata ukoo. Ile 1500 haikubuniwa na ICT, ilikuwa RCA 301 ya Marekani iliyobandikwa jina jipya. Familia ya 1900 ilitokana na mashine ya Ferranti-Packard ya Kanada. Moja ilishughulikia data herufi kwa herufi, nyingine kwa mafungu ya biti 24. Programu iliyoandikwa kwa lugha ya ndani ya mashine ya kwanza ilikuwa haina maana yoyote kwa ya pili.

Dunia ilikuwa imeshaliona tatizo. Lugha ya COBOL ilianza kubuniwa mwaka 1959 kwa lengo hilo hasa: uandike mara moja, mashine zozote zielewe. Desemba 1960 programu moja ya COBOL iliendeshwa kwenye kompyuta za kampuni mbili tofauti, RCA 501 na UNIVAC II, na ilikuwa habari kubwa. Lakini COBOL inakusaidia kama una watu wa kuiandika, na kama maandishi ya asili ya programu yako unayo wewe, hayamo kichwani mwa mgeni ambaye mkataba wake unaisha.

Hapo ndipo sisi tulipoumia. Kufikia 1974 nchi ilikuwa na kompyuta saba. Mfumo wa kompyuta wa hesabu za Serikali ulishindwa, na Hazina ikarudi kwenye vitabu na kalamu. Walioandika historia hii wanataja kwanza kabisa upungufu wa wataalamu wa ndani na kutegemea wa kutoka nje. Mwaka huohuo wa 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake nchini. Masharti yalianza kulegea miaka ya 1980.

Ni rahisi kucheka ukiwa na simu mkononi. Mimi sicheki tena. Serikali ilikuwa imenunua mashine ghali kwa fedha za kigeni, na ujuzi wa kilichomo ndani ulikuwa wa watu wa kupita. Ukiwa hivyo, kila kuhama ni kuanza sifuri. Mimi na karatasi yangu ya manila tulikuwa Hazina ya 1974 kwa kipimo cha kijiko.

Njia ya kwanza: kuibeba ardhi

Tarehe 7 Aprili 1964 IBM walitangaza System/360, familia ya kompyuta kubwa na ndogo zinazoelewa amri zilezile. Ukinunua ndogo leo na kubwa kesho, programu zako zinahama nawe. Tatizo lilikuwa wateja wa zamani. Maelfu yao walikuwa na IBM 1401, mashine ya 1959, na hakuna aliyekuwa tayari kuandika upya mishahara na stoo yake yote. Suluhisho lilikuwa kuifundisha mashine mpya kuigiza ya zamani. Programu ya 1401 ikaendelea na maisha yake ndani ya 360 bila kujua kwamba imehama.

Njia hiyo imetumika tena na tena. Apple walipohamia vichakataji vya Intel mwaka 2006, waliweka mkalimani anayeitwa Rosetta ili programu za vichakataji vya PowerPC ziendelee kufanya kazi. Microsoft nao walikwenda mbali kuliko watu wengi wanavyojua. Walipokuwa wakiandaa Windows 95 waligundua kwamba mchezo wa SimCity ulikuwa na kosa: ulikuwa unarudi kutumia sehemu ya kumbukumbu ambayo umeshaiachia. Kwenye mfumo wa zamani kosa halikuonekana, kwa sababu hakuna mwingine aliyeigusa sehemu hiyo mara moja. Kwenye Windows mpya lingeuangusha mchezo. Wangeweza kusema kosa si letu. Badala yake waliweka ndani ya Windows utaratibu maalumu wa kuutambua SimCity na kuulindia ile sehemu. Ardhi ikainama kuufuata mti.

Uzuri wa njia hii ni kwamba wewe mtumiaji hufanyi kitu. Ubaya wake ni kwamba mtu fulani anaibeba ardhi ile kwa gharama, na siku akichoka anaitua. Rosetta iliondolewa mwaka 2011. Oktoba 2019, macOS Catalina ikaacha kabisa programu za biti 32, na watu wakaamka na programu walizozinunua kwa fedha zao zikiwa haziwezi hata kufunguka.

Njia ya pili: kubeba orodha

Njia ya pili ilikomazwa na watu wasiokuwa na fedha ya kubeba ardhi ya mtu. Mradi wa Debian ulianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, ukiendeshwa na watu wa kujitolea. Wazo lao lilikuwa la kihasibu: kila programu iwe kifurushi, na kila kifurushi kiwe na karatasi inayosema ninaitwa nani, toleo langu lipi, na ninawahitaji akina nani. Kompyuta nzima inakuwa na daftari. Ukiuliza "hiki kimeletwa na nani?" kuna jibu.

Daftari hilo lilipata mtihani wake Julai 1998, kwenye Debian 2.0. Maktaba ya msingi ya C, ambayo karibu kila programu ya Linux inaitumia, ilikuwa inabadilishwa kutoka libc5 kwenda libc6. Ni kama kubadilisha msingi wa nyumba watu wakiwa wamelala ndani. Vifurushi zaidi ya 1,500, na ukivipandisha kwa mpangilio mbaya, ile programu unayoitumia kupandishia nayo inaanguka katikati ya safari. Walifanya mambo mawili. Waliacha libc5 ikae kando ya libc6, ili programu za zamani zisife siku hiyohiyo. Na walipanga foleni: nani anatangulia, nani anafuata. Foleni hiyo ilijulikana kwa sababu daftari lilikuwepo. Machi 1999, Debian 2.1 ikaja na APT, programu inayopanga foleni yenyewe na kuvivuta vifurushi kutoka mtandaoni.

Ubuntu, iliyoanza Oktoba 2004 ikifadhiliwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, imejengwa juu ya Debian. Kwa hiyo usiku ule wa Mtwara, wakati mimi nimelala, APT ilihamisha mamia ya vifurushi salama. Vilivyobaki nyuma ni vile nilivyoviweka mwenyewe kupitia mlango wa R, ambavyo havikuandikwa kwenye daftari la APT. Daftari lilikuwa sahihi. Mimi ndiye niliyekuwa na mizigo nje ya daftari.

Watumiaji wa Mac wana MacPorts, mradi ulioanza mwaka 2002, na maelekezo yao ya kuhama ni dago kabisa: andika orodha ya ulivyonavyo kwenye faili, ondoa vyote, kisha visakinishe upya kwa kufuata orodha. Hakuna kinachobebwa isipokuwa majina.

Hata Kiswahili kinahama

Usidhani hili ni la msimbo tu. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Tafsiri ile ilijengwa juu ya toleo la 1.1.3. Mwaka uliofuata OpenOffice ikatoa toleo la 2.0, lenye menyu mpya na sentensi mpya. Tafsiri haipandi yenyewe. Kila toleo jipya linahitaji mtu wa kukaa tena na kulinganisha. Kinachohama bila kuchoka ni istilahi zilizokwisha kukubaliwa na watu wanaozijua. Kazi iliyobaki inajengwa upya, kama kibanda cha dago.

Nani analipa nauli?

Kubeba orodha kuna sharti moja ambalo waliobuni njia hii hawakulazimika kulifikiria sana: ukifika huko ng'ambo, lazima miti na makuti yawepo. Yaani lazima uwe na intaneti ya kuvishusha vifurushi upya. Aliye chuoni anabonyeza na kwenda kunywa chai. Aliye Msimbati analipa kwa bando, na kama sf lazima ajengwe kutoka kwenye msimbo wake, analipa pia kwa saa za chaji.

Upande wa Windows bili inakuja kwa njia nyingine. Msaada wa Windows 7 ulikoma tarehe 14 Januari 2020, wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inadai kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, ambacho kompyuta nyingi za zamani hazina. Kwa hiyo mwenye duka la steshenari hapo mtaani kwako anahesabu: anunue mashine mpya, au abaki kwenye mfumo usiotibiwa tena? Akienda kwa fundi, fundi atampigia Windows upya, kazi safi, saa mbili. Ataulizwa kuhusu picha na nyaraka zake. Mara chache ataulizwa ni programu zipi alikuwa nazo, toleo gani, na namba za leseni ziko wapi. Atazikumbuka moja moja, kila mara akiwa na mteja mbele yake.

Ndiyo maana nasema historia hii ni ya umiliki kuliko ya teknolojia. Swali si kama mfumo utabadilika, maana utabadilika. Swali ni kama siku ikifika unajua ulikuwa na nini.

Kabla hujabonyeza ndiyo

Mambo manne, na yote yanaingia kwenye flashi ya zamani.

Kwanza, andika orodha. Kwenye Ubuntu, amri ya `apt-mark showmanual` inakupa vifurushi vilivyowekwa kwa kuombwa, bila vile vilivyokuja kama wategemezi. Kwenye R ni `installed.packages()`, kwenye Python ni `pip freeze`, na kwenye Windows ni `winget export`. Pili, andika namba za matoleo, si majina tu, maana 26 na 30 si kitu kimoja. Tatu, ukiwa bado kwenye intaneti nzuri, pandisha, kisha fungua kila unachokitegemea na ukiendeshe mpaka mwisho kwa data yako halisi. Mfumo kuwaka si ushahidi wa kitu. Nne, usipandishe usiku wa kuamkia safari. Hili halina sababu ya kisayansi, lina sababu ya Msimbati.

Niliporudi baada ya wiki tatu, takwimu zilikuwa tayari na laptopu ilizionyesha bila kelele. Kiwanja kilichopungua zaidi hakikuwa kile tulichokidhani wote. Akina mama ndio waliosema mapema, kabla ya mashine, kwamba tuangalie upande wa pili wa mkondo, uleule niliouchora vibaya kwenye manila. Miche ikaenda huko.

Mzee alikuwepo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Safari hii umehesabu?" Nikatoa flashi mfukoni, nikamwonyesha. Ina faili moja la maandishi, halifiki hata kilobaiti mbili.